São Tomé: kisiwa cha kakao kinachotafuta wageni



Swali moja linarudi kila mara katika mikutano: kakao ikianguka bei, tutakula nini? Wenye kahawa wanauliza vile vile, na wenye vanila wamekwisha kuona namna bei inapanda mwaka mmoja na kuanguka mwaka unaofuata. Safari hii tunaangalia watu wengine wenye swali lile lile, lakini wao ni inchi nzima. Ni São Tomé na Príncipe, visiwa viwili katika bahari ya Atlantiki, mbele ya Gabon. Wao wamechagua kuongeza utalii (wengi wetu tunasema turismu) pembeni ya kakao. Tutaona walifanya nini, feza inapita wapi, na mahali gani mkulima anapata na mahali gani anakosa.

Inchi yenyewe ni ndogo sana. Visiwa vyote viwili ni kama kilometa za mraba 1,000. Teritware ya Beni peke yake inavipita mara nyingi. Watu ni zaidi kidogo ya 200,000, na kile kisiwa kidogo, Príncipe, hakifikishi watu 10,000. Udongo ni wa volkano, wenye rutuba kama ule wa Rutshuru, mvua ni nyingi, na kakao inakaa chini ya kivuli cha miti mikubwa. Mkulima wa Mambasa akipelekwa pale usiku, asubuhi anaweza kufikiri hajatoka kwao, mpaka asikie watu wanasema Kireno.

Kusimama kwa mguu mmoja

Wareno walifika pale karibu na mwaka 1470, na visiwa havikuwa na watu. Walileta watumwa kutoka bara, wengine kutoka ufalme wa Kongo, kuwalimisha miwa. Kakao ilikuja nyuma sana, kutoka Brazil, katika miaka ya 1820. Utumwa ulikatazwa kwa sheria mwaka 1875, lakini wafanyakazi waliendelea kuletwa kutoka Angola kwa «mikataba» ambayo wengi wao hawakurudi nayo nyumbani hata siku moja. Jambo hilo lilileta kelele mpaka mwaka 1909 watengenezaji wa chokoleti wa Uingereza, Cadbury kati yao, wakakataa kununua kakao ya São Tomé. Hata hivyo kilimo kiliendelea kukua, na visiwa hivi vidogo, ambavyo mwanzoni mwa miaka ya 1900 vilikuwa vya kwanza duniani kwa kakao, karibu na mwaka 1913 vilitoa zaidi ya tani 30,000 kwa mwaka.

Uhuru ulikuja tarehe 12 Julai 1975. Tarehe 30 Septemba mwaka ule ule, serikali ilikamata yale mashamba makubwa, ambayo wao wanayaita roça. Wazungu waliokuwa wakiyaongoza walikuwa wamekimbia, serikali haikuwa na watu wala feza ya kuyatunza, miti ikazeeka, magonjwa yakaingia. Wazee wetu wanaokumbuka zairianizasio ya 1973 hawana haja ya kuelezwa zaidi. Katika miaka ya 1990 ardhi ilianza kugawanywa kwa familia, kila moja hektari chache. Leo inchi nzima inatoa kama tani 3,000 tu za kakao.

Na bei haiko katika mikono yao, kama isivyo katika mikono yetu. Mwaka 2000 tani moja ya kakao ilianguka chini ya dola 1,000 katika soko la dunia. Mwisho wa 2024 ilipita dola 10,000. Mwaka 2025 ikaanza kushuka tena. Mtu gani anaweza kupanga masomo ya watoto juu ya kitu kinachoruka namna ile? Sisi kila mmoja anajua dawa ya shambani: unachanganya, muhogo na maharagi na ndizi, kusudi kimoja kikikufa kingine kikulishe. São Tomé walitaka kufanya vile kwa inchi.

Kwanza walitengeneza kakao

Hapa ndipo watu wengi wanakosea wanaposikia habari ya utalii. Wanafikiri mtu anaanza kwa kujenga hoteli. São Tomé, upande wa wakulima, kazi ilianzia kwenye kakao yenyewe.

Kuanzia miaka ya 2000, kwa msaada wa mfuko wa kimataifa wa maendeleo ya kilimo (FIDA) na wa Wafaransa, familia zilizopewa ardhi zilijikusanya katika vyama vya vijiji. Vyama hivyo vikaunda koperative ya kuuzisha kakao ya kibiolojia inayoitwa CECAB. Mkulima haaniki kakao yake mwenyewe pembeni ya barabara. Analeta mbegu mbichi kituoni, zinapimwa, zinachachushwa pamoja ndani ya masanduku ya mbao, halafu zinaanikwa kwenye vikaushio vya jua vyenye paa, mvua isizipate. Kampuni ya Ufaransa Kaoka, inayotengeneza chokoleti ya kibiolojia, ilikuwa mnunuzi wao tangu mwanzo. Nyuma zikaja koperative nyingine za namna ile: CECAQ-11 kwa kakao yenye sifa ya juu, CECAFEB kwa kahawa, CEPIBA kwa pilipili manga na vanila.

Juu ya nini tunasimama hapa? Kwa sababu jina zuri la kakao ndilo lililoleta wageni, na wageni nao wanaongeza jina la kakao. Mtu hawezi kulipa ndege kutoka Ulaya kuja kuangalia kakao yenye ukungu.

Mgeni anakuja kuona nini?

Visiwa vingi vinauzisha mchanga na jua. Seychelles na Mauritius wamefanya vile miaka mingi, wako na hoteli kubwa na ndege nyingi. São Tomé hawawezi kushindana nao. Ndege kutoka Ulaya inapita zaidi Lisbon, na tiketi ni ya bei. Umeme mwingi unatoka kwenye mashine za mazuti na unakatika mara kwa mara. Kabla ya Covid, mwaka 2019, wageni walikuwa karibu 35,000 kwa mwaka mzima, hesabu ndogo kabisa ukiilinganisha na visiwa vingine. Serikali ilipunguza kizuizi kimoja: tangu 2015 watu wa Umoja wa Ulaya wanaingia bila viza kama hawapitishi siku 15.

Basi walichukua kile walichokuwa nacho, na walichokuwa nacho ni yale mashamba ya zamani. Pale Monte Café, katika milima, wamefanya jumba la makumbusho ya kahawa: mgeni anaoneshwa mashine za zamani, anaelezwa namna wafanyakazi waliishi, mwishoni anakunywa kikombe na kununua pakiti. Kule kusini, katika roça ya São João dos Angolares, mpishi João Carlos Silva, anayejulikana sana kwa vipindi vyake vya televisheni, amegeuza nyumba ya shamba kuwa mahali pa kulala na kula. Chakula chake kinatoka palepale: ndizi, samaki, mafuta ya mawese, majani ya porini. Chakula ambacho sisi tunamfichia mgeni tukikimbilia kumnunulia mkate na soseji, yeye ndicho anachokiuzisha bei ya juu.

Príncipe kuko roça ya Sundy. Tarehe 29 Mei 1919, jua likiwa limefunikwa na mwezi, mtaalamu Mwingereza Arthur Eddington alipiga picha za nyota pale, na picha zile zilisaidia kuonesha kwamba Einstein alisema kweli juu ya mwanga. Leo watu wanasafiri mbali kuja kusimama mahali pale. Hadithi peke yake ni mali, kama kuko mtu wa kuisimulia vizuri.

Halafu kuko chokoleti. Mwitalia mmoja, Claudio Corallo, alilima kahawa huku kwetu, wakati ule ikiwa Zaïre, tangu miaka ya 1970. Nyuma alihamia São Tomé, akafufua shamba la kakao la Terreiro Velho kule Príncipe, na akaanza kutengeneza chokoleti kisiwani. Wageni wanaingia katika karakana yake mjini, wanaonja, wanalipa, wananunua. Shamba la Diogo Vaz nalo linatengeneza chokoleti yake kisiwani.

Tufanye hesabu kidogo, kwa sababu hapa kuko fundisho na kuko mtego. Kilo moja ya kakao kavu ukiikaanga na kuitoa maganda inabaki kama gramu 800. Kipande cha chokoleti cha gramu 100 chenye kakao asilimia 70 kinakula gramu 70. Kwa hiyo kilo moja inaweza kutoa vipande kama 11. Mtu akisikia hivyo anaruka: tununue mashine! Pole pole. Chokoleti inataka umeme usiokatika, sukari nzuri, karatasi za kufungia, na ubaridi, kwa maana siagi ya kakao inayeyuka kwenye joto la digrii 34 hivi. Chokoleti ya Butembo inayopelekwa Kisangani juu ya lori itafika ikiwa uji. Siri ya Corallo na Diogo Vaz ni kwamba mnunuzi anakuja mwenyewe, anaibeba ndani ya sakoshi yake mpaka Lisbon. Mgeni ndiye lori.

Wazee wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kule mgeni analipa siku ya kwanza ili ashike lile jembe: apasue tunda la kakao, anyonye ute mtamu, ageuze mbegu kwenye kikaushio dakika kumi, apigwe picha. Si mzaha, ni kazi, na anayemwongoza analipwa.

Kobe wa bahari

Mfano mmoja unatupendeza zaidi, kwa sababu haukuanzia kwa watu wenye mashamba. Kobe wakubwa wa bahari wanapanda kwenye mchanga wa São Tomé usiku kutaga mayai, zaidi katika miezi ya Novemba mpaka Februari. Tangu zamani watu waliwakamata, wamama wa soko wakauzisha nyama, mafundi wakatengeneza vitana kwa magamba. Mwaka 2014 sheria ilikataza yote hayo.

Sheria peke yake ingeleta njaa kwa familia fulani, au ingeleta uwindaji wa kujificha. Shirika la pale, Programa Tatô, lilifanya kazi na watu wale wale: wawindaji wa zamani wakawa walinzi wa pwani na viongozi wa wageni, na wamama waliokuwa wakiuzisha nyama wakatafutiwa kazi nyingine. Mtu aliyejua wapi kobe anapanda kwa sababu alikuwa anamwinda, sasa anaonesha mgeni mahali palepale, na kobe yuleyule anaweza kuoneshwa tena msimu mwingine. Wale wetu wanaokaa pembeni ya hifadhi, ambao kila siku wanagombana na walinzi juu ya makala na nyama ya pori, wanaweza kuona tofauti: kule aliyekatazwa alipewa kitu mkononi kabla ya kuambiwa aache kingine.

Feza inapita wapi?

Sasa tuseme wazi. Mgeni anayelipa safari yake Lisbon ameacha sehemu kubwa ya feza Lisbon: ndege, wakala, wakati mwingine hata hoteli. Akifika, hoteli inamnywesha divai ya Ureno na kumlisha siagi ya Ureno. Mchele unatoka inje. Kinachobaki kwa mkulima wa jirani ni kile ambacho jiko la hoteli linanunua kwake, na jiko linanunua kwake kama tu analeta sawasawa kila wiki.

Chukua mayai. Tuseme hoteli iko na wageni 15, kila mmoja anakula mayai mawili asubuhi. Ni mayai 30, plato moja kila siku, Jumapili hata siku ya mvua. Kuku wa mayai hawatagi wote kila siku. Ukihesabu 7 kati ya 10, unahitaji kuku kama 43 kwa hoteli moja ile tu. Mkulima mmoja mwenye kuku 12 hawezi. Wakulima wanne wanaoelewana wanaweza. Hapo koperative inakuwa na maana. Lakini geuza upande wa pili: mwezi ambao wageni ni watano, kuku 43 wanakula kama kawaida. Anayepanga shamba lake lote kwa hoteli moja amerudi kwenye mguu mmoja, tena mguu wa mtu mwingine.

Na ardhi je?

Kisiwa cha Príncipe kiliingizwa na UNESCO mwaka 2012 kati ya hifadhi za dunia za viumbe hai. Mafundisho yao ni ya vitendo: mtu aliyeleta chupa 50 za plastiki alipewa chupa moja ya chuma ya kudumu, na kulikuwa mahali pa kuijaza maji safi. Taka zilipungua, na wageni wakapenda.

Lakini hoteli kubwa za Príncipe zilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, tajiri wa Afrika Kusini Mark Shuttleworth, kupitia kampuni yake HBD. Ni yeye aliyekuwa akiajiri watu wengi zaidi kisiwani pembeni ya serikali. Ameleta kazi, hatukatai. Familia zilizokuwa zikikaa katika nyumba mbovu za wafanyakazi wa zamani, pale Sundy, zilijengewa kijiji kipya kinachoitwa Terra Prometida. Nyumba mpya ni kitu kizuri. Pamoja na hayo, sisi tunaona hatari katika kisiwa ambacho mwajiri ni mmoja: akichoka, au akigombana na viongozi, watu watashika nini?

Kisiwa kikubwa nacho kiko na mgogoro wake. Mwaka 2009 serikali ilitoa ardhi kule kusini kwa kampuni ya Agripalma, ya kundi la Socfin, kwa shamba kubwa la ngazi. Miti ilikatwa karibu na hifadhi ya Obô, ambako wapo ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani, ndege ambao wageni wanalipa kuja kuwaona. Leta inataka mawese na inataka wageni, na vyote viwili vinataka kilima kilekile. Nani aliulizwa kabla? Swali hilo tunalijua.

Mwaka ambao ndege hazikuja

Mwaka 2020 ugonjwa wa Covid ulifunga viwanja vya ndege. Viongozi wa wageni, wapishi, madereva, wote wakakaa. Kakao iliendelea kupanda meli, kwa maana kakao haina haja ya viza. Mwaka ule ulionesha uzito wa kila kitu: wenye shamba na wageni waliumia upande mmoja, wenye wageni tu waliumia mzima mzima. Ndiyo maana sisi tunasema utalii ni mboga. Ugali ubaki ugali.

Huku kwetu

Mtu atasema: «Ninyi mnatuelezea watalii, na sisi hata barabara ya kufikisha mzigo sokoni haiko, na wengine tumeacha mashamba juu ya mauaji.» Ana haki. Hifadhi ya Virunga ilifungia watalii Mei 2018, ikafungua Februari 2019, ikafunga tena Machi 2020. Bila usalama hakuna mgeni wa kutoka mbali, na hatutadanganya mtu hapa.

Lakini vipande vya kazi ile viko kwetu tayari. Mutwanga kuko kiwanda cha chokoleti kinachotumia umeme wa maji ulioletwa na hifadhi, na kakao ya wakulima wa Beni. Idjwi, kisiwa chetu wenyewe katika ziwa Kivu, iko na kahawa iliyochachushwa na kuoshwa vizuri inayouzwa inje kupitia koperative. Na kuko aina ya mgeni ambaye hatumhesabu: anayekuja kwa semina, kwa harusi, kwa mkutano wa kanisa, kwa biashara, anayelala katika hoteli za Butembo, Bunia, Bukavu. Yule anakula mayai kila asubuhi, na mara nyingi mayai yale yametoka inje.

Koperative inayotaka kujaribu iende kuongea na mpishi kabla ya kuongea na mwenye hoteli, kwa sababu mpishi ndiye anayejua kila wiki anakosa nini. Muanze na kitu kimoja au viwili tu: mayai, au nyanya, au kahawa iliyokaangwa kijijini. Mpeleke wiki nne mfululizo bila kukosa kabla ya kuomba mkataba. Halafu muandike karatasi, hata ya ukurasa mmoja, yenye mambo haya: kiasi cha kila wiki, bei na mpaka lini haibadiliki, nani anabeba hasara kikivunjika njiani, hoteli itatoa habari siku ngapi mbele kama wageni wamepungua, na siku ya malipo. Hoteli nyingi zinapenda kulipa mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi unajua kutembea. Kwa hiyo muandike pia kwamba malipo yakipita siku 15, mzigo unaofuata unabaki depo.